Wenye magari ya dizeli, fungueni boneti kabla ya korosho

Ndugu Mhariri,

Korosho zikianza kuokotwa, barabara za kusini hujaa pikapu na Land Cruiser kuukuu zenye magunia, kutoka mashambani hadi maghala ya vyama vya msingi. Na katika miezi hiyohiyo, Oktoba mpaka Desemba, magari yaleyale huanza kuvutwa kwa kamba hadi gereji za Masasi, Newala, Nachingwea na Mtwara mjini: silinda hedi (kichwa cha injini) imepasuka, pampu ya dizeli imekufa, injini imenoki. Mwenye gari akiulizwa, husema gari limezeeka. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuipinge kauli hiyo. Injini za dizeli za Toyota za 1HZ, 2L, 3L, 5L na 1KZ zinaweza kwenda miaka mingi sana. Zinachouawa nacho ni kazi ndogondogo zilizoahirishwa, na zinaahirishwa kwa sababu utaratibu wetu wa hesabu, ile pesa dereva anayompelekea mwenye gari, haumpi mtu yeyote jukumu la kuzilipia. Hilo la hesabu tutalifikia. Kwanza injini.

Tuanze na mafuta. Pampu ya dizeli ya injini hizi, ile ya aina ya VE, haina oili yake yenyewe. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Maji kidogo yakilala humo usiku, chuma kinashika kutu. Asubuhi plunja, kile kipini kinachosukuma dizeli ndani ya pampu, inaisugua kutu hiyo, na baada ya muda gari linaanza kusumbua kuwaka likiwa la moto, ingawa likiwa baridi linawaka vizuri. Hiyo ni dalili ya pampu iliyolika ndani: dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvujia pembeni mwa plunja. Mafuta ya taa nayo ni mepesi na makavu. Ukiyachanganya na dizeli unaipokonya pampu kilainishi chake. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida. Hatua hizo zilisaidia kwenye vituo. Kwenye madumu ya vijijini hazina la kufanya, kwa sababu hata dizeli safi ikimiminwa kwenye dumu lililooshwa kwa maji na kuwekwa juani karibu na barabara ya vumbi, itafika kwenye tangi ikiwa na maji na mchanga.

Dawa yake haina gharama. Chini ya filta ya dizeli kuna plagi ya kutolea maji. Weka chini yake chupa tupu ya maji ya kunywa, legeza plagi kama mizunguko miwili, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu. Funga kwa vidole, si kwa spana, kwa maana plagi nyingi ni za plastiki na zikipasuka zitavuta hewa. Iache chupa itulie nusu saa. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na kutu utaiona kwa macho. Fanya hivyo kila wiki, na siku hiyohiyo ikiwa umenunua kwenye dumu. Taa ya maji ya dizeli kwenye dashibodi isikudanganye: kwenye magari mengi ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini taa hiyo huwaka pamoja na nyingine, halafu huzima. Kama haiwaki kabisa, balbu imekufa au kuna mtu alikata waya ili isimsumbue. Huku pwani kuna jambo jingine: tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye kuta zake. Anayeweza kujaza tangi jioni badala ya asubuhi ajaze jioni.

Filta yenyewe ibadilishwe kila kilomita 10,000, na kwa gari linalokula madumu kila 5,000. Mpya ipake dizeli kwenye ringi ya mpira, ikaze kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usiijaze dizeli kwa kuimimina kwenye tundu la katikati. Huko ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na unachomimina kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Tumia pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, kuna mahali hewa inaingia, mara nyingi kwenye mipira mikuukuu kati ya tangi na filta. Hapo watu hupotea sana, kwa sababu wanatafuta tone na hawalioni. Upande ule pampu inavuta, kwa hiyo ufa huingiza hewa ndani bila kumwaga dizeli nje. Funga kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani karibu na pampu ya dizeli, washa gari, tazama mapovu. Kisha badilisha mpira mmojammoja kurudi nyuma hadi yakome.

Kwenye hewa hatutakaa sana, ila vumbi jekundu la barabara za Tandahimba, Liwale na Ruangwa linajulikana. Filta ya hewa ipulizwe kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo na kwa mbali. Kuigonga kwenye tairi huipinda kingo, na vumbi likishapata njia pembeni, filta haina kazi tena. Weka tochi ndani yake gizani: ukiona tundu la mwanga, tupa. Waliopeleka gari shambani wakati wa kupulizia salfa waifungue siku hiyohiyo. Halafu pitisha kidole kwenye mpira mpana unaotoka kwenye kasha la filta kwenda injini. Ukikuta vumbi ndani, kuna ufa au klipu imelegea, na injini inakula mchanga. Mchanga huo husaga ringi za pistoni na silinda, kisha gari linakula oili, linatoa moshi wa buluu, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma taratibu unaona moshi unapuliza kwa nguvu. Likifika hapo ni overholi, injini nzima kufunguliwa. Klipu iliyolegea ilitaka bisibisi tu.

Upoozaji ndio unaotupa kazi nyingi kuliko yote, na ndio wenye mazoea mabaya zaidi.

La kwanza ni maji. Visima vingi vya pwani yetu, Kilwa hadi Msimbati, vina maji ya chumvi. Maji hayo yakichemka ndani ya injini huacha ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta na kula alumini ya hedi ya 1KZ na maboksi ya pampu ya maji. Tumia kulanti, dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri: ni maji, si asidi ya betri, ingawa vyote viwili hukaa rafu moja dukani na muuzaji huviita jina moja. Ukikosa, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Watu husema kulanti ni ya nchi za baridi. Kuzuia kuganda ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kuzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka, na hizo tunazihitaji huku kuliko huko. Ibadilishwe kila miaka 2.

La pili ni thamostati, kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto. Gari likichemsha mara moja, fundi wa haraka huing'oa na kuitupa, na mwenye gari hufurahi kwa sababu mshale wa joto umeshuka. Madhara yake ni mawili. Dizeli haiungui sawasawa kwenye injini iliyopoa: asubuhi moshi mweupe, mafuta yasiyoungua yanashuka kupitia ringi na kuchanganyika na oili, kisha beringi zinakosa kilainishi. Pili, thamostati ya nyingi za injini hizi za Toyota ina vali ya chini inayofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mpando mrefu wa kuingia Newala ukiwa na mzigo, gari hilo litachemsha kuliko mwanzo. Kupima thamostati ni rahisi. Namba ya nyuzi imechongwa juu yake, kwa kawaida kati ya 76 na 88. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo na iwe wazi kabisa kabla maji hayajatokota. Ukiirudisha, kile kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakotokea.

La tatu ni mfuniko wa rejeta. Mzuri hushikilia mgandamizo wa kama 0.9 kwa kipimo cha bar, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Spiringi ikichoka au mpira ukikatika, yatachemka kwenye 100 kama ya chai, na mtalaumu rejeta bure. Hakikisha pia klachi ya feni: injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo, nzima. Ikizunguka hovyo kama pangaboi, mafuta yake ya silikoni yamevuja. Tope lililokauka kati ya rejeta ya maji na kondensa ya kiyoyozi litolewe kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Kabla ya msimu pima gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi. Gari hilo lisipakie gunia hata moja mpaka lifunguliwe. Na likifunguliwa, hedi ipimwe kwa rula ya chuma na vipimo vya nafasi, ipelekwe kupimwa nyufa kwa mgandamizo, na gasketi isinunuliwe kwa kukisia. Nyingi za injini hizi zina gasketi za unene tofauti, zenye alama pembeni, na unachagua kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Ukiweka nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugonga; ukiweka nene, mgandamizo unapungua na gari linasumbua kuwaka. Fundi asiyekuwa na kipimo hicho asiaminiwe na hedi yako.

Kuhusu oili tuna maneno machache. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku ya pili baada ya kubadilishwa si kosa. Injini zenye chumba cha kuwakia pembeni, kama hizi zote, hutoa masizi mengi, na kazi ya oili ni kuyabeba. Ndiyo maana kilomita 5,000 au miezi 6, kipi kitatangulia, ni mwisho. Tumia 15W-40 ya injini za dizeli, yenye alama ya API CF-4 au CI-4 kwenye kopo. 1HZ huchukua karibu lita 9 na nusu pamoja na filta, 1KZ-TE karibu lita 7, 3L na 5L kati ya 5 na 6 kutegemea gari. Dipstiki ndiyo hakimu. Ipime asubuhi gari likiwa mahali tambarare. Oili ikishuka tunajua. Ikipanda, wengi hufurahi, na hapo ndipo pa kuogopa: dizeli inaingia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, kutoka kwenye nozeli inayodondosha au, kwa 1HZ na 1KZ, kwenye sili ya mbele ya pampu ya dizeli. Inuse, ikinuka dizeli usiendeshe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Filta feki utaijua asubuhi: taa ya oili inachelewa kuzima kwa sekunde kadhaa kila ukiwasha, kwa sababu haina ule mpira wa ndani unaozuia oili kurudi chini usiku. Oili chafu msiimwage mtaroni. Wenye kusimika nguzo za banda wataichukua kwa ajili ya mchwa.

Taimingi belti, mkanda unaoendesha vali, ibadilishwe kila kilomita 100,000. Kwenye dizeli hizi ikikatika, vali hukutana na pistoni, hakuna bahati. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huhesabu kilomita tu, haijui belti ikoje, na huzimwa kwa kuhamisha skrubu nyuma ya mita. Gari lililokuja kutoka Japani au lililonunuliwa mtumba hapa nchini, lisilo na maandishi ya lini belti ilibadilishwa, libadilishiwe mara moja pamoja na beringi ya kukazia. Ukiona oili imelowesha kava ya belti, sili ya krenki au ya kemu imekufa; badilisha sili kwanza, maana oili huila belti mpya vilevile.

Nozeli zipimwe kwenye mashine kila kilomita 100,000 au mapema gari likigonga na kutoa moshi mweusi. Kuzisafisha kwa waya na kuzirudisha ni kuzimaliza. Mashine inaonyesha zinafunguka kwa mgandamizo gani na kama zinanyunyiza ukungu au zinadondosha. Washa za shaba ziwe mpya. Kujua silinda dhaifu, legeza nati ya bomba la nozeli moja injini ikiwa inaunguruma taratibu: mlio usipobadilika, ndiyo hiyo. Kipimo hicho ni cha pampu za zamani tu. Kwenye dizeli mpya za komoni reli, zinazogawa dizeli kutoka bomba moja la mgandamizo mkubwa, msiguse nati. Mgandamizo wake unatoboa ngozi. Nafasi za vali za 1HZ, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.35 hadi 0.45 upande wa kutoa. Zikikaza zaidi ya hapo hazitoi kelele yoyote, zinaungua kimyakimya, ndiyo maana hakuna anayeleta gari kwa ajili yake. Hita plagi, zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, nazo zisitolewe kwa kisingizio cha joto la Mtwara. Zikifa, stata na betri ndizo zinazolipa.

Kuna fundi atakayekuambia gari lako litapata nguvu akizungusha skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Litapata. Pia litatoa moshi mweusi, joto la ekzosi litapanda, na hedi ya 2L-T au 1KZ, ambayo sifa yake ya kupasuka inajulikana, haitavuka msimu. Gari lililopoteza nguvu linadai filta, nozeli, mgandamizo au tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) vikaguliwe. Lenye tabo lipewe dakika moja ya kuunguruma taratibu baada ya mpando kabla ya kuzimwa, oili iipoze tabo ikiwa bado inazunguka.

Sasa hesabu. Magari mengi ya mizigo na abiria huku yana mwenye gari aliye mbali na dereva anayepeleka hesabu ya siku au ya wiki. Dereva akinunua filta, anapunguza chake. Mwenye gari akiombwa pesa ya filta, anahisi anaibiwa. Matokeo yake filta hainunuliwi, na hedi inapopasuka wote wawili wanapata pesa ya hedi mahali fulani. Hatuwalaumu madereva, wanafanya hesabu zao sawasawa kwa mkataba waliopewa. Mkataba ndio ubadilishwe. Oili, filta na belti ziwe za mwenye gari, zinunuliwe naye mwenyewe na seti moja ikae ndani ya gari muda wote. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, spea zilisimama pamoja na kila kitu kingine, na asiyekuwa na filta ndani alisubiri. Siku ya kubadilisha oili isidaiwe hesabu. Kilomita ziandikwe kwa kalamu ya rangi juu ya filta yenyewe, si kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Kazi ya dereva iwe ile isiyohitaji pesa: dipstiki na maji ya rejeta kila asubuhi kabla ya kuwasha, filta ya hewa kila wiki, na maji ya dizeli kwenye chupa kila Jumatatu. Mwenye gari aliye Dar es Salaam anaweza kudai picha ya chupa hiyo kwa WhatsApp kila wiki, kama anavyodai hesabu.

Mafundi wa dizeli,
Masasi, Mtwara.